Kupanga mfumo wa kuuza nafaka mtandaoni, Handeni na Korogwe: tuanzie wapi?

Mkata_Nafaka ameuliza:

Habari za jioni wakuu, na shikamoo kwa wakubwa mliomo humu.

AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao) tatu za Handeni na moja ya Korogwe zimekubaliana kujenga mfumo mmoja wa kuuzia mahindi kwa mtandao. Mambo yakikaa sawa tutaongeza mpunga wa Mombo na maharage ya Lushoto. Maghala ni mawili, moja Mkata na jingine Korogwe mjini, kila moja linabeba tani 500 hivi. Wanunuzi tunaowalenga ni wenye mashine za kusaga wa Tanga mjini na Dar es Salaam, watengenezaji wa chakula cha kuku, na wanaovusha mzigo kupitia Horohoro kwenda Mombasa.

Kuna kampuni ndogo imetuletea mchoro wa tovuti: picha ya mahindi, bei, na kitufe cha kununua, kama duka la nguo. Kabla hatujasaini naomba msaada kwa haya: kazi ianzie wapi, fedha zipite wapi, mkulima mwenye kitochi (simu ndogo isiyo na intaneti) ataingiaje, na ratiba iweje ili mavuno ya masika yasitupite. Tunataka mpango unaotekelezeka, maneno matamu tumeshayasikia ya kutosha.

---

bambo_na_mizani:

Msisaini bado. Shati la saizi moja ni sawa na jingine la saizi hiyo, ila gunia la mahindi la Mkata si sawa na la Kabuku, na hata la mkulima mmoja hubadilika akivuna kabla mvua haijakata. Mnunuzi aliyeko Dar hataona mzigo, kwa hiyo anachonunua ni maelezo yenu. Maelezo yakiwa mabovu atakuja na gari, atakataa mzigo getini, na hapo bei itashuka hadi anapotaka yeye.

Kwa hiyo kinachoingia sokoni kiwe fungu: mzigo ulioko ghalani tayari, umepimwa, umepewa daraja na namba, umepangwa kwenye rundo lake peke yake. Mahindi yaliyo shambani au nyumbani kwa mkulima yasitangazwe kabisa. Ukubwa wa fungu ufuate gari, yaani tani 10 kwa fuso na tani 30 kwa semi. Fungu la tani 17 linamlazimisha mnunuzi kulipia gari lisilojaa, na gharama hiyo ataikata kwenye bei yenu.

Kipimo ni kilo tu. Neno gunia lisionekane mahali popote pa bei, maana ndipo lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo) inapopenyea. Gunia tupu nalo lipimwe: la jute linakaribia kilo moja, kiroba cha plastiki ni gramu 100 hadi 150. Kwenye mzigo wa magunia 300 tofauti hiyo inafika kilo 250 na zaidi, ugomvi tosha wa kuvunja biashara. Mizani iwe na muhuri wa Wakala wa Vipimo wa mwaka huo, na tarehe ya muhuri iandikwe kwenye taarifa ya fungu.

Unyevu ndiko fedha nyingi zinakopotea bila mtu kuona. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi, EAS 2, kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Mkipokea mahindi ya asilimia 16 mkayaanika hadi 13.5, uzito unapungua. Hesabu yake: uzito wa mwanzo mara (100 toa unyevu wa mwanzo), gawa kwa (100 toa unyevu wa mwisho). Kilo 10,000 × 84 ÷ 86.5 = kilo 9,711. Zimepotea kilo 289 za maji. Tuseme kwa mfano bei ni shilingi 600 kwa kilo: hiyo ni 173,400. Mfumo ukimwandikia mkulima kilo 10,000 na ghala likatoa 9,711, mtunza ghala ataitwa mwizi ilhali hakuiba kitu. Hesabu hii iwemo ndani ya programu tangu siku ya kwanza, na mkulima aione kwenye stakabadhi: kilo alizoleta, unyevu wake, kilo zinazotambuliwa.

Kipima unyevu kina hila zake. Mahindi yakitoka juani yakiwa moto kinadanganya, yaacheni yapoe kivulini. Angalieni kimewekwa kwenye mahindi na si mpunga. Pimeni mara tatu kwa sampuli tatu, mchukue wastani.

Sampuli ichukuliwe kwa bambo (chuma chenye uwazi cha kuchomea gunia na kutoa punje), msichote kwa mkono mdomoni mwa gunia. Mzigo wa hadi magunia 10, yatoboeni yote kwa bambo. Kuanzia 11 hadi 100, chagueni 10 bila upendeleo. Zaidi ya 100, chukueni kipeuo cha pili cha idadi: magunia 300 yanadai 18. Bambo lipite juu, kati na chini. Changanyeni, tandazeni, gawanyeni kwa robo mpaka zibaki kilo 3, kisha mifuko mitatu ya kilo moja moja: mmoja wa kupimia, mmoja wa mnunuzi, mmoja ufungwe kwa lakiri na ubaki ghalani mpaka mzigo ulipiwe na muda wa malalamiko uishe.

Daraja la kwanza la EAS 2 linaruhusu takataka asilimia 0.5 na punje zilizovunjika asilimia 2. La pili ni 1 na 4, la tatu 1.5 na 6. Sumukuvu (sumu ya ukungu, aflatoxin) yote kwa pamoja isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile ya aina ya B1 isizidi 5. Hapa wengi wanakosea, wanachota kijiko cha punje na kukipima. Sumukuvu haikai sawasawa kwenye mzigo, punje chache zenye ukungu zinaweza kubeba sumu ya gunia zima. Sageni mfuko mzima wa kilo moja uwe unga, uchanganyeni vizuri, ndipo mchote cha kupimia.

---

fundi_Chumbageni:

Nakubaliana na mkuu hapo juu, na aliyoyaandika ndiyo nusu ya kazi ya programu. Naongeza upande wa mfumo.

Ukurasa wa tovuti ni sehemu ndogo. Moyo wake ni daftari. Kila fungu liwe na hali moja kwa wakati mmoja: limepokelewa, limepimwa, liko sokoni, limepata mnunuzi, limelipiwa, limetolewa, limefungwa. Ongezeni moja ya pembeni: limezuiwa. Andikeni kwenye karatasi nani anaruhusiwa kulihamisha kutoka hali ipi kwenda ipi. Mtunza ghala hawezi kuandika "limelipiwa", na mhasibu hawezi kuandika "limetolewa". Mtu mmoja akiweza kufanya yote mawili, mzigo utaondoka usiku.

Kumbukumbu haifutwi wala haibadilishwi. Karani akiandika kilo 9,711 badala ya 9,171, kosa linasahihishwa kwa ingizo la pili linalofuta la kwanza, lenye jina lake na saa. Fedha zihifadhiwe kama shilingi kamili na uzito kama gramu kamili. Msitumie namba za desimali zinazoelea (ambazo kompyuta huzikadiria), kwa sababu senti zinazopotea kwenye mgao wa wakulima 400 zinafanya jumla isilingane na benki, na mhasibu hulala ofisini akitafuta shilingi saba.

Wanunuzi wawili watabonyeza kununua fungu lilelile ndani ya sekunde moja. Lazima kanzidata (hifadhi ya taarifa za mfumo) ilifunge fungu kwa wa kwanza kabla ya kumjibu yeyote. Mwambieni mjenzi alijaribu hilo mbele yenu kwa simu mbili, na akishindwa kulionyesha msimlipe awamu hiyo.

Saa! Watu wetu husema saa nne asubuhi, seva inasema 10:00, na mnunuzi wa kigeni anasoma 4:00. Ndani ya seva tumieni mfumo mmoja wa saa, na kwenye ujumbe andikeni "saa 4 asubuhi (10:00)". Kufunga zabuni kufuate saa ya seva, na kanuni iseme hivyo.

Fedha: akaunti ya simu ina kikomo kwa muamala na kwa siku. Tani 30 kwa ile bei ya mfano ya 600 ni shilingi 18,000,000, msitegemee mnunuzi azipitishe huko kwa mkupuo mmoja. Mnunuzi alipe benki kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo kwa kila fungu, na mkulima alipwe kwenye simu au akaunti yake. Taarifa ya malipo kutoka benki au kampuni ya simu huweza kuja mara mbili kwa muamala uleule mtandao ukisuasua. Namba ya muamala isikubaliwe mara ya pili, la sivyo mtaonyesha mafungu mawili yamelipiwa kwa fedha za moja. Na kila jioni mtu alinganishe taarifa ya benki na daftari, mstari kwa mstari.

Kabla ya kumlipa mkulima, mfumo uulize jina lililosajiliwa kwenye laini na ulilinganishe na daftari la AMCOS. Wazee wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtoto au mjukuu. Hili lisafishwe mwezi mzima kabla ya msimu. Siku ya malipo mtachelewa.

Kuhusu kitochi: menyu ya kubonyeza nyota na reli inafaa, lakini ina mipaka. Ujumbe mmoja haupiti herufi 182 na muda wa kujibu ni mfupi, kwa hiyo hatua zisizidi nne. Mkulima anahitaji mambo matatu tu: kilo zangu ni ngapi, fungu langu limefika wapi, fedha zangu zimetoka lini. Kupanga bei na kukubali zabuni msiviweke huko. Namba fupi inaombwa TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano), kisha inaunganishwa na kila kampuni ya simu, moja kwa moja au kupitia wakala, na kazi hiyo huchukua muda kuliko mnavyodhani. Wakati mnasubiri, meseji za kawaida zinatosha kabisa.

Ghalani intaneti itakatika na umeme utakatika. Programu ya mpokeaji ifanye kazi bila mtandao na ipeleke taarifa ukirudi. Namba za stakabadhi zigawiwe mapema kwa kila ghala, kwa mfano MK-00001 na KR-00001, zisigongane.

---

wakala_Horohoro:

Niongee upande wa sheria na mpaka, maana mfumo mzuri unaweza kusimamishwa kwa barua moja.

Kwanza, jina. Tanzania ina Sheria ya Masoko ya Bidhaa ya 2015, msimamizi wake ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, linaendesha minada ya kielektroniki tayari. Msijiite soko la bidhaa na msiuze mizigo ya watu wengine. Mfumo wenu uwe wa vyama kuuza nafaka za wanachama wao wenyewe. Andikeni barua kwa Mamlaka mkieleza mnachofanya, mpate jibu la maandishi. Ulizeni pia ofisi ya mrajis wa ushirika ya mkoa, kwa sababu kuna mazao ambayo serikali inaelekeza yauzwe kwa stakabadhi ghalani na mnada wa TMX, kama korosho na ufuta. Mkija kuongeza zao, swali hilo liwe la kwanza.

Pili, stakabadhi. Stakabadhi ya ghala yenye nguvu kisheria inatokana na Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2005, na mwendesha ghala lazima awe na leseni ya Bodi ya Usimamizi wa Stakabadhi za Ghala. Bila leseni, karatasi yenu ni risiti ya mapokezi tu, wala benki haitaikopeshea. Mkiwa na leseni, kuna jambo ambalo wajenzi wa mifumo hulisahau: mkulima au chama anaweza kuiweka stakabadhi rehani. Fungu lenye rehani likiuzwa, fedha zinaanza kwa benki ya mkopo, kinachobaki ndicho cha mkulima. Ile hali ya "limezuiwa" aliyoitaja mkuu wa Chumbageni ndiyo mahali pake.

Tatu, msishike fedha za watu. Kuzipokea na kuzikalisha kwenye akaunti yenu mkizigawa baadaye kunawaingiza kwenye Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 na leseni za Benki Kuu. Fungueni akaunti maalumu ya amana kwenye benki, mkataba wa pande tatu, na benki ndiyo iachie malipo ikipata hati ya kutoa mzigo iliyosainiwa ghalani.

Nne, mna majina, namba za simu na vitambulisho vya wakulima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawadai kujisajili kwenye Tume husika. Daftari la wakulima lisizunguke kwenye makundi ya WhatsApp.

Sasa mpaka. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na ilipoyaruhusu tena ndani ya mwezi huohuo iliweka masharti: waingizaji wasajiliwe na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu iko chini ya kiwango. Kwa hiyo fungu lenye alama ya "linafaa kuvuka" liwe na kipimo cha sumukuvu cha maabara inayotambulika, kibali cha kusafirisha nje cha Wizara ya Kilimo, na cheti cha afya ya mimea cha TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu). Gari likifika Horohoro bila kimojawapo linalala pale, dereva anadai fedha ya kusubiri, na mahindi yaliyofunikwa turubai kwenye joto la pwani huanza kutoa jasho.

Kila bei iseme ni ya wapi. Mlangoni mwa ghala Mkata juu ya gari, au kufikishwa Tanga mjini? Makuli wa kupakia analipa nani? Ushuru wa halmashauri uko ndani au nje? Kiwango cha ushuru kiwe namba ambayo karani anaibadilisha, kisizikwe ndani ya programu.

---

Mkata_Nafaka:

Wakuu, Mungu awabariki. Nimechapisha majibu yote nitayapeleka kwenye kikao cha bodi. Mawili yamebaki. Moja, tuuze kwa mnada au kwa bei tuliyoweka? Mbili, leo ni mwanzo wa Oktoba, mavuno ya masika kwetu yanaanza Julai. Muda unatosha?

---

fundi_Chumbageni:

Unatosha mkipunguza ukubwa. Oktoba na Novemba andikeni kanuni: daraja, sampuli, hali za fungu, nani anasaini nini, mgogoro unaamuliwaje. Kurasa kumi zinatosha, na hizo ndizo mnampa mjenzi badala ya mchoro wake. Barua za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, Bodi ya Stakabadhi na TCRA ziondoke Oktoba hiihii, zisisubiri kanuni ziishe. Desemba hadi Februari ajenge mapokezi ya ghala na daftari tu.

Januari na Februari kuna mahindi ya vuli. Tumieni mzigo huo mdogo kujaribu kila kitu kwa karatasi na jedwali la kompyuta, bambo mkononi, mafungu mawili matatu ya tani 10 kwa mnunuzi mmoja mnayemfahamu. Mtakachokosea hapo kitakuwa rahisi kurekebisha. Machi na Aprili ajenge zabuni na malipo. Mei ni majaribio, Juni ni mafunzo kwa watunza ghala na makarani. Julai fungueni Mkata peke yake, kwa mahindi peke yake, wanunuzi kumi walioandikishwa. Korogwe ifuate Mkata ikishamaliza wiki nne bila hesabu kupishana.

Kwenye bajeti, mizani, vipima unyevu viwili (kimoja kikiharibika msimame vipi?), vifaa vya sumukuvu na maturubai vitangulie tovuti. Mjenzi alipwe kwa awamu zinazotokana na majaribio, na mkataba useme programu na takwimu ni mali ya vyama. Nakala ya kanzidata itolewe kila usiku na kuhifadhiwa nje ya seva hiyo, na mara moja kwa mwezi mtu aifungue kuhakikisha inafunguka.

---

bambo_na_mizani:

Kwenye bei natofautiana kidogo na wanaopenda mnada wa moja kwa moja. Wanunuzi kumi wakiangaliana bei kwenye kioo wanapatana kwa simu pembeni ndani ya dakika tano. Anzeni na zabuni za kufungwa, mara moja kwa wiki: mafungu yanatangazwa Jumatatu, zabuni zinafungwa Jumatano saa 4 asubuhi, zinafunguliwa zote kwa pamoja mbele ya wawakilishi wa wakulima. Kila fungu liwe na bei ya chini ambayo wakulima wameikubali na mnunuzi haioni. Zabuni zikilingana, iliyotangulia kufika kwenye seva inashinda. Zote zikiwa chini ya bei hiyo, fungu linarudi wiki ijayo, hakuna kujadiliana baada ya kufungua.

---

wakala_Horohoro:

Na kanuni za anayeshinda halafu asilipe, maana watakuwepo. Dhamana ya asilimia 5 ya thamani ya zabuni ilipwe kabla ya kufungua, saa 48 za kumalizia malipo, saa zikipita fungu linapewa wa pili kwa bei ya wa pili na dhamana inaenda kwa wakulima wa fungu hilo. Mzigo utolewe ndani ya siku 7 za malipo, baada ya hapo kuna tozo ya kuhifadhi kwa kila siku na kila tani.

Malalamiko ya ubora yapokelewe ghalani tu, kabla gari halijatoka. Mnunuzi na ghala wakishindwa kuelewana, ule mfuko wa tatu wenye lakiri unafunguliwa mbele ya wote wawili na kupelekwa maabara moja iliyotajwa kwenye kanuni, anayeshindwa analipa gharama. Gari likishavuka geti, madai ya unyevu na takataka yamekwisha. Hii mwandikieni mnunuzi kwa herufi kubwa kwenye hati ya kutoa mzigo, aisaini kabla makuli hawajagusa gunia la kwanza.